Shule Haijanipigia

Masisi, tarehe 12 Februari 2011

Kwa mutoto wa dada yangu Emérence, mwalimu ku Itebero,

Mimi mujomba wako Sebahire, muntu ambaye kwa sasa hapa Masisi hakuna neno inakatwa bila watu kuuliza kwanza kama nimeamka, nakusalimia sana. Uko muzima? Ile malaria ya Noeli ilikuachia? Watoto wa darasa lako wanakula? Sisi tuko wazima. Muke wangu Nyiramana anakusalimia. Ng'ombe nazo ziko wazima, isipokuwa ile ya rangi ya majivu inakohoa, lakini ile ilianza kukohoa zamani na inapenda tu watu waisikilize.

Ordinateur yako imefika. Nzanzu, ule mufanyabiashara wa Butembo mwenye camion, aliishusha mbele ya nyumba ikiwa imefungwa mu blanketi sawa mugonjwa wa kupeleka ku hospitali ya Mweso. Majirani wakakuja na pole. Nikawaambia hapana, huyu haiko mugonjwa, hii njo shule ya Goma imehamia kwangu. Tangu siku ile watu wananipisha ku njia.

Mambo uliniandikia nimeyaelewa yote. Kule Itebero rezo haiko, telefone yako ni tochi tu. Huku ku mulima yangu rezo inafika mupaka mu zizi. Kwa hiyo ordinateur inakaa kwangu, inafungwa na telefone yangu kwa kamba, na ile telefone inapigia ordinateur ya Institut ku Goma. Zikisha kusikilizana, jina yako inaingia mu rezo ya shule. Kisha Pasaka unakuja kufanya concours, ule mutihani wa kuingia, humu mu nyumba yangu, na ukishinda unasoma ualimu ya juu bila kuacha darasa lako. Njo vile?

Mutoto wangu, hiyo ni kazi ya kufanya nikiwa nakunywa maziwa. Unasahau kama mimi njo nilitengeneza radio ya mission wakati mapadri walikuwa wameshaifanyia sala ya mwisho. Nilisoma mupaka darasa ya ine, lakini ya ine ya wakati ule.

Mashini nimeiweka mu chumba ya fromage, zile jibini za Nyiramana, ku ubao ya juu, kwa sababu kule kuko baridi na Nzanzu alisema haipendi moto. Umeme inatoka ku plaque ya jua. Siku niliiwasha, mwangaza ilitoka ku dirisha ikaenda mupaka Mweso, manesi wakafikiri Leta, serikali yetu, imewaletea groupe mupya ya umeme. Kamba nimefunga. Shule nimeijulisha kama niko. Sasa nangojea.

Ni mimi mujomba wako,
Sebahire


Itebero, tarehe 25 Februari 2011

Mujomba wangu,

Nakupa salamu na heshima yangu yote, wewe na Mama Nyiramana. Barua yako ilitembea vizuri. Nzanzu aliiacha Walikale, mama moja wa mihogo akaifikisha huku kwa miguu. Malaria iliisha, asante. Nilicheka sana na mambo ya manesi wa Mweso, nikawasomea walimu wenzangu, nao wanakusalimia.

Mujomba, asante kwa kazi yote ile. Lakini Nzanzu alipita ku Institut ku Goma, akauliza kwa secrétaire Anastasie. Jina yangu haiko. Anastasie alisema mashini yetu haijaingia hata mara moja.

Pengine ni mimi sikueleza vizuri, unisamehe. Fanya hivi. Ukishafunga kamba, ku écran, kile kioo ya mashini, kuna fasi imeandikwa «Composer». Bonyeza pale. Telefone itapigia Goma. Kule ordinateur ya shule itaitika yenyewe, hakuna muntu anaishika. Utasikia sauti mubaya, sawa mnyama amebanwa mu mulango. Usiogope, njo ginsi zinasalimiana. Uziache tu mupaka uone neno «Connecté», na chini yake jina yangu.

Mwisho ni tarehe tisa ya mwezi wa ine. Ikipita hapo, fasi yangu inapewa mwengine. Naandika hii si kwa kukusukuma. Lakini nafundisha ya tano na ya sita pamoja mu darasa moja, na diplôme yangu ni ya chini. Inspecteur alishaniambia: mwaka kesho akipata mwenye diplôme ya juu, mimi nitatoka. Sina shamba huku, mujomba. Nina lile darasa tu.

Mutoto wako,
Emérence


Masisi, tarehe 10 Marsi 2011

Emérence mutoto wangu,

Salamu tena. Tunaamka, tunakula, tunashukuru Mungu. Nyiramana goti inamuuma kidogo, lakini juzi alishuka ku soko na fromage akarudi ameuza zote, kwa hiyo sijui kama ile goti iko serious.

Nimesoma maneno yako mara mingi. Nimeyafuata mustari kwa mustari. Sasa nikuambie ukweli: ile shule yenu haina adabu.

Kila asubuhi, kisha kukamua, naosha mikono, navaa veste, naingia mu chumba ya fromage. Nabonyeza pale «Composer», sawa uliandika. Telefone inalia kule Goma, naisikia mimi mwenyewe kwa masikio yangu. Wanajua ni mimi. Namba yangu inaonekana kwao, haiwezi kukosa kuonekana. Kisha nakaa ku kiti, naweka telefone ku magoti, nangojea. Hakuna. Siku ya kwanza nilisema pengine wako mu misa. Siku ya pili nilisema pengine directeur amefiwa. Sasa nimechoka kuwatafutia sababu.

Nilianza kutafuta nani anafunga njia. Kwanza nilikata matawi ya ule eucalyptus ya mbele, juu rezo inapita pale. Haikusaidia, na sasa Sebarenzi jirani yangu anasema ule muti ulikuwa wake. Kisha nilimuambia Sebarenzi azime radio yake asubuhi. Akaniuliza kama Institut yangu inasikiliza pia mambo ya bei ya maharagi. Nilimuachia tu, hakusoma. Kisha nikahamisha fromage zote ku ubao ya chini, juu harufu yake inaweza kusumbua mashini. Nyiramana hakupenda.

Sasa kila fasi naenda, telefone iko mukononi, wasinipigie nikiwa sipo. Naenda nayo ku zizi, naenda nayo mupaka kule watu wanaenda bila kusema. Nyiramana akaniuliza mbele ya wageni, «Sebahire, hiyo shule inakutafuta wewe, ao wewe njo unaitafuta?» Wageni wakacheka. Na mimi nilicheka, lakini sikuelewa vizuri swali yake.

Na ile sauti ya mnyama uliandika, mimi sijaisikia. Pengine ya kwangu iko na adabu.

Usiwe na wasiwasi. Watapiga tu. Muntu sawa mimi hawawezi kuniacha.

Mujomba wako,
Sebahire


Itebero, tarehe 20 Marsi 2011

Mujomba wangu,

Nakusalimia wewe na Mama Nyiramana, na ile goti yake. Huku mvua imeanza, njia ya Walikale ni matope mupaka magotini, lakini barua zinapita.

Mujomba, nimepotea. Unasema unabonyeza na telefone inalia. Nzanzu amerudi tena kwa Anastasie. Anasema jina haiko, na ameongeza neno lingine. Anasema kuna muntu wa upande wa Masisi anawasumbua. Kila asubuhi anapigia ordinateur yao, inalia mara moja, kabla mashini haijaitika amekata. Kisha tena, kisha tena. Wanafunzi wengine wanashindwa kuingia, juu ligne ni moja. Wanafikiri ni mutoto anacheza na telefone ya baba yake. Wakimuona tena watafunga ile namba isiingie kabisa.

Nakuandikia tu kwa kuwa wewe unajua watu wote wa huko. Kama unamujua ule muntu, umuambie polepole, bila kumupa haya. Umuambie ordinateur haiwezi kurudisha simu. Inaweza kuitika tu, ukiipa wakati.

Siku zinaenda.

Mutoto wako,
Emérence


Masisi, tarehe 28 Marsi 2011

Emérence,

Salamu. Sisi wazima. Ng'ombe ya majivu imeacha kukohoa, naona ilisikia habari ya ule muntu ikashangaa.

Nilipopokea barua yako nilisimama hapo hapo. Kumbe kuna mujinga mu Masisi hii anaharibia mutoto wangu masomo, na mimi niko hapa. Nimemutafuta. Niliuliza ku soko, ku barrière ya njia, kwa wamotari wote wa pikipiki, hata ku kanisa nilisimama kisha ya matangazo nikaomba dakika. Nikasema kuna muntu hapa anapigia shule na kukata, na ajue mimi namujua. Watu walitazamana. Sebarenzi akatazama mimi. Nikajua ni yeye.

Nilienda kwake nikamuambia maneno makali, sitaandika hapa juu wewe ni mwalimu. Alikana. Akasema hana hata namba ya Goma. Lakini ule anakana haraka hivyo, unajua mwenyewe.

Kisha hapo nikafikiri, ngoja nisaidie shule. Nikaongeza kuwajulisha, asubuhi na magaribi, ili wasahau ule mujinga na wanikumbuke mimi. Lakini kuna kintu sielewi. Tangu jana nikibonyeza, hailii tena. Mwanamuke mu telefone anasema kwa Français kama correspondant haiwezi kufikiwa. Nilimujibu kwa adabu, anarudia tu.

Na ile neno yako ya mwisho, kwamba ordinateur haiwezi kurudisha simu, niliisoma haraka. Nitaisoma tena.

Mujomba wako,
Sebahire


Itebero, tarehe 4 Aprili 2011

Mujomba wangu mupendwa,

Nakusalimia na moyo wote. Mungu awalinde nyumbani.

Anastasie amefunga ile namba. Alinitumia pia namba yenyewe kupitia kwa Nzanzu, yeye aliishika ku kichwa, akanitajia. Nilimuambia Nzanzu kwamba siijui. Akasema haina neno, akaisahau.

Mujomba, siulizi kintu. Ulifanya yote uliweza, na ulikata hata muti. Pengine mashini ni mugonjwa kweli, sawa majirani walifikiri ile siku ya kwanza. Umuachie Nzanzu airudishe, upumzike, na Mama Nyiramana arudishe fromage zake ku ubao ya juu. Nimeshawaambia watoto wa ya sita kama huu pengine njo mwaka wangu wa mwisho nao. Moja akauliza kama nitaondoka na ramani ya Afrika, juu ni mimi niliichora.

Pasaka sitapanda huko. Usinikasirikie.

Mutoto wako,
Emérence


Masisi, tarehe 10 Aprili 2011

Emérence mutoto wa dada yangu,

Salamu. Niko muzima, lakini sikulala vizuri.

Jina yako iko. Anza na hiyo. Jina yako iko mu rezo ya shule tangu juzi, tarehe nane, kisha ya misa ya asubuhi. Nimeisoma ku écran herufi kwa herufi, haikukosa hata ile kamustari juu ya é. Chini yake wameandika siku ya concours na saa. Ukuje Pasaka. Nzanzu atakungojea Walikale, nimeshamuambia, utakaa mbele na chauffeur.

Barua yako ilifika Nyiramana akiwa karibu. Aliniona naikunja mbio, na mimi sina desturi ya kuficha barua, akaniomba nimusomee. Nikasoma. Nilipofika ku ile ramani ya Afrika, akasimama akatoa telefone yake mu kitambaa akaiweka mbele yangu. Unajua mama yako huyu, yeye njo anauza, telefone yake haikosi unité za kupigia hata siku moja. Watu wote wa mulima hii wanamupigia na kukata, na yeye njo anarudisha. Akasema, «Fungia kamba ku hii. Na leo uache ilie.»

Nikamuuliza anataka kusema nini. Alishachukua kamba.

Tukaingia wote wawili mu chumba ya fromage. Nikabonyeza «Composer». Ikalia mara moja. Emérence, mukono wangu ulienda ku kamba wenyewe, mimi sikuutuma. Nyiramana akaushika. Ikalia mara ya pili. Mimi mu maisha yangu sijawahi kusikia telefone yangu ikilia mara ya pili kwa muntu mukubwa. Kisha kule wakaitika, na ile mnyama ikapiga kelele sawa ndama amenyimwa mama yake, nikataka kukimbia, Nyiramana akakaza mukono. Nilikuwa nahesabu unité zake zikikwisha, yeye alikuwa anatazama écran. Kisha «Connecté». Kisha wewe.

Ilikuwa kazi kubwa, na watu wa hapa watasema miaka mingi ginsi nilisimama mbele ya ile mashini.

Kwa Sebarenzi nilienda kuomba musamaha. Nilimupelekea fromage moja nzima. Alipokea, akaniuliza kama nimeshamupata ule mujinga. Nikasema namufuatilia.

Wewe ulishamujua, na haukumutaja, hata kwa Nzanzu. Asante, mutoto wangu. Mimi nilifikiri shule ni mukubwa kuliko mimi, ina unité nyingi, nikiionyesha tu namba yangu itanipigia yenyewe, sawa watu wote wenye uwezo wanafanya. Muntu mudogo anabipe, analiza mara moja na kukata, mukubwa anarudisha. Siku zote zile, na veste yangu na mikono nimeosha, nilikuwa nabipe shule.

Mujomba wako,
Sebahire

Nzanzu nilimuambia shida ilikuwa kamba.