Kodiani ya Baba kwa Fundi Mtaliana

Mjukuu wangu Salma,

Assalaam alaykum. Hujambo? Na kile kikohozi kimekwisha? Sisi hapa London wazima, alhamdulillahi. Bibi yako anakusalimu, na kanzu yako keshaimaliza.

Umeniuliza kama ni sawa, huko Italia unakosomea ufundi wa kutengeneza picha za kale, kuuondoa wote ule moshi wa mishumaa kwenye picha ya ukuta wa kanisa. Babu yako hakusomea hayo. Nimekumbuka kodiani tu.

Ujanani niliipeleka kodiani ya marehemu baba, aliyoipigia taarabu Unguja, kwa fundi mzee Mtaliana hapa London, kwa kuwa mfuko wake ulikuwa unavuja pumzi. Akaibonyeza, akakunja uso.

"Hii imetengenezwa kwetu! Nani kaziharibu sauti hizi mbili?" Akachukua tupa akwangue vibati vya ndani vinavyozitoa, azirekebishe.

Nikamshika mkono. "Mzee, hazikuharibika. Baba alivikwangua vibati vyake mwenyewe. Nyimbo zetu ndivyo zinavyotaka."

"Hata mbuzi hazitaki! Haya, imba nisikie."

Niliona haya, lakini ningenyamaza, sauti ya baba ingekwisha pale pale. Nikaimba, naye akanifuata kwa zile sauti mbili. Tulirudia mara tatu. Kisha akairudisha tupa sandukuni.

"Kumbe kazaliwa kwetu, kakulia kwenu," akasema, akaziba mfuko basi.

Ya ukuta wenu siyajui, mwanangu. Lakini je, umemwuliza yeyote anayewasha mishumaa hapo? Nijibu upesi, nina hamu ya kujua kasema nini.

Babu yako