Koti na bendi ya Tabora

Karatu, Jumamosi usiku

Nimeshinda! Bado nacheka peke yangu kama mwehu.

Tangu matanga, Shemeji Daudi amekuwa akilitaka koti la marehemu mume wangu. Tukawekeana dau: redio ikitangaza bendi ya Dar kuwa bora, alichukue, ikiwa ya Tabora, anilimie shamba la maharage. Mume wangu aliipenda ya Tabora. Akiisikia, alikuwa akipiga kikombe kwa kijiko.

Hata hivyo niliogopa. Kumpoteza mtu, halafu na koti lake...

Mtangazaji akasema, "Bendi bora mwaka huu ni..." Redio ikazima. Betri zimekwisha!

"Basi, Shemeji, tuyaache," nikasema haraka.

"Wapi! Leo siondoki bila koti." Akazitoa betri, akaziuma moja moja kwa meno, akazirudisha. Redio ikanong'ona: "...vijana wa Tabora, hongereni!"

"Meno yangu yameniponza!" akalia. Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Jumatatu analima. Koti nimelivaa hapa ninapoandika. Mikono yake inanifunika vidole, kalamu naishika kwa shida, na sitaki kulivua.