Kwa Nini Narudia Tamthilia ya Mchana

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Kariakoo hatujambo, na mguu wa mama yako umepata nafuu.

Unauliza kwa nini narudia tamthilia ambayo mwisho wake naujua. Zamani niliitazama kwa jirani yetu wa Msimbazi, huku akinisuka nywele. Macho yangu yalikuwa kwa mke anayelia. Siku hizi namwangalia shoga yake anayembembeleza, na kila mara mume wa yule mke akiingia, shoga anaiweka sawa khanga yake. Jirani yangu naye alinibembeleza vizuri sana, mpaka babu yako akamwoa yeye kuwa mke wa pili.

Picha yako ya kuvishwa pete nimeipata. Wote mnatazama kamera, isipokuwa shoga yako mwenye gauni la kijani. Hebu itazame tena.

Bibi yako