Uzi Ukikatika Hauguni: Kwa Baba Yetu, Fundi Kesho

Krrr, krrr, krrr. Kisha kimya. Kisha mguno mmoja mfupi, kama wa mtu anayeinua gunia. Kisha krrr tena. Hiyo ndiyo sauti tuliyoamka nayo, Baba, kutoka nyuma ya lile pazia la kijani, kabla yeyote kati yetu hajakuona uso.

"Kuna nini huko?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Uzi umekatika," ulijibu.

Mwaka umezunguka tangu cherehani yako iliponyamaza, na ule mguno bado haujatoka nyumbani.

Mtaa mzima ulikuita Fundi Kesho. Mteja akija kuchukua suruali, kesho. Akirudi hiyo kesho, kesho tena. Lakini hakuna aliyekununia kwa muda mrefu, maana mtu uliyemvalisha koti alitoka mlangoni akiwa mrefu kuliko alivyoingia. Watoto waliochana sare uliwashonea papo hapo, bila kesho, ukiwaambia tu, "Ukipanda ukuta tena, panda kwa adabu."

Na mate yako, Baba! Ncha ya uzi ilianza kuloweshwa mdomoni, ndipo ipite kwenye tundu la sindano. Kitindamimba wako, uliyemfundisha kazi, aliupokea uzi uleule na kuulowesha upya mdomoni mwake. Dada yake aliwacheka: "Nyie wawili mnashona kwa mate." Tulicheka sote.

Kisha ukaanza kushiba kwa harufu ya chakula. Mkanda wako ukapata tundu jipya, likafuata jingine. Suruali zako ukazipunguza kiuno kimyakimya, kana kwamba mke wa fundi hajui kipimo cha mumewe.

"Twende hospitali," Mama alisema.

"Kesho."

Ulipokubali kumeza ile kamera ya kuchungulia tumbo, uvimbe ulikuwa umeshajijenga humo. Saratani. Daktari, binti mpole wa umri wa dada yetu, akaongeza: "Mzee, ndani ya huo uvimbe tumekuta pia kirusi."

Ukainua kichwa kwenye mto. "Kirusi? Daktari, Kiingereza chenyewe kinanipiga chenga, hicho Kirusi nimejifunzia wapi?"

Alicheka hadi akafuta macho. Kisha akavuta kiti na kutueleza. Si kile ambacho watu hukinong'ona. Hiki karibu kila mtu anacho. Wengi hukipata utotoni, kwa mate, na kwa walio wengi kinalala maisha yote bila kuwadhuru. Ila katika baadhi ya saratani za tumbo hukutwa ndani ya chembe zenyewe za uvimbe.

"Kwa hiyo ndicho kilichoanzisha?" kitindamimba aliuliza kwa ukali, utadhani daktari ndiye aliyekiweka.

"Inawezekana kimechangia. Bado kinachunguzwa. Nikikuambia ndiyo moja kwa moja nitakudanganya, na nikikuambia hapana vilevile."

Kinalala. Neno hilo tulirudi nalo nyumbani, na tangu siku hiyo kila mmoja wetu analala nalo.

Lakini neno jingine lilishatutangulia mtaani. Seremala wa jirani alisimama mlangoni, mguu mmoja nje. "Fundi, nasikia wamekukuta na virusi."

"Ndiyo. Mwezi ujao naanza Kichina."

Hakucheka. Aliomba kitambaa chake, hata hakijakatwa. Wengine wakafuata. Mmoja alikipokea cha kwake kwa ncha za vidole. Kitindamimba, ambaye damu yake huchemka kabla ya maji, aliinuka na mkasi mkononi. Ukamshika shati.

"Waache. Wanaogopa. Hata mimi naogopa."

Hatukuwahi kukusikia ukisema hivyo. Kitindamimba akauweka mkasi mezani.

Basi mnaosoma hapa, someni vizuri: baba yetu hakufa na aibu. Saratani yake haikuwa ya kurukia mtu kwenye kikombe wala kwenye pindo la suruali. Tunalisema kwa sauti kwa sababu yeye alilibeba kimya, na vitambaa vyenu alivikunja vizuri kabla ya kuwarudishia.

Cherehani yako inalia tena, Baba. Kitindamimba ameikalia, na uzi anaulowesha vilevile. Wiki hii Mama alikuwa jikoni. Krrr, krrr. Kimya. Kisha mguno.

Sufuria ilimponyoka.

"Kuna nini huko?"

"Uzi umekatika, Mama."

Alilivuta pazia. Uzi ulikuwa mzima, umetulia kwenye sindano. Akautazama mkanda wa mwanawe. Ulikuwa na tundu jipya.

"Mwanangu, uzi ukikatika hauguni."

"Ni njaa tu."

"Njaa, na sahani ya asubuhi hujaigusa?"

"Basi, Mama, nitakwenda kupimwa."

"Lini?"

Alifungua mdomo. Sote tuliliona lile neno likija, jina lako, Baba, limefika kwenye meno. Akalimeza.

Tunaokukumbuka ni mkeo, aliyekujua kwa kipimo. Binti yako mkubwa na mumewe. Wajukuu zako, ambao hadi leo wanagombania kofia yako. Wadogo zako wote. Na kitindamimba wako. Kila sindano itakapopita kwenye nguo humu ndani, utakuwa nasi. Naye ametuomba tuyaandike hapa aliyosema mchana ule, mtaa uyasome, asije akapata pa kuyarudishia. Aliushika mkono wa Mama, akasema tukisikia sote:

"Vaa viatu, Mama. Nakuahidi, tunakwenda leo. Na watakachokikuta, nitakwambia wewe kwanza, kwa jina lake."