Maelezo ya Mwalimu Truphena Akoth Kuhusu Kigari cha Terry

KITUO CHA POLISI, HOMA BAY
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Truphena Akoth
Umri: Miaka 36
Kazi: Mwalimu wa shule ya msingi
Makao: Rodi Kopany

Mimi ni mwalimu wa sanaa na ufundi katika shule iliyo karibu na soko la Rodi Kopany. Katika somo langu mtoto hachongi kitu cha kupamba kabati. Kwanza anatafuta mtu mwenye shida, anampima, anachora, anatengeneza mfano wa mabua na waya, ndipo anashika msumeno. Walimu wenzangu wamenicheka sana kwa hilo, isipokuwa mmoja, Mwalimu Elvis Osoro wa hisabati. Huyo nilimchukua kama ndugu yangu. Ufunguo wa pili wa karakana nilimpa yeye.

Mnamo Januari 1996, darasa la saba walimchagua mwenzao, Terry Adongo, mwenye umri wa miaka 13. Polio ilimlemaza miguu na kuudhoofisha mkono wake wa kulia. Mama yake alikuwa akimbeba mgongoni hadi shuleni. Siku mama alipokuwa na kazi shambani, Terry alibaki nyumbani au alikuja akitambaa. Tuliamua kumtengenezea kigari cha kuendesha kwa mkono. Bwana Abdullah, mwenye duka la baiskeli sokoni, alitupa magurudumu matatu ya zamani. Osoro mwenyewe ndiye aliyempima Terry mikono, watoto wakiandika. Pedeli ya mkono tuliiweka kushoto kwa sababu ya mkono ule mmoja wenye nguvu.

Kigari kilikamilika mwezi wa Mei. Tangu siku hiyo Terry hakukosa shule.

Ijumaa tarehe 28 Juni alikiacha karakanani ili tukaze mnyororo. Jumatatu asubuhi nilipofungua, hakikuwepo. Kufuli lilikuwa zima. Siku hiyo hiyo mwalimu mkuu alitutangazia kwamba Osoro ameacha kazi na kwenda kufundisha shule ya kibinafsi ya Nyota Njema, mjini Migori. Sikumshuku hata kidogo. Nilimtumia ujumbe Migori anisaidie kukitafuta, naye akanijibu kwamba amesikitika sana na anatuombea.

Mnamo tarehe 12 Julai, mwendo wa saa nne asubuhi, nilikuwa hapa Homa Bay kwenye maonyesho ya kazi za mikono za shule za msingi. Kwenye nafasi ya Nyota Njema nilikiona kigari chetu. Kilikuwa kimepakwa rangi ya buluu, na kibao kikisema ni kazi ya wanafunzi wa shule hiyo. Osoro alisimama kando yake amevaa tai. Pedeli ilikuwa imehamishiwa kulia. Nilipopitisha kidole upande wa kushoto, nilihisi chini ya rangi matundu ya bolti zetu. Mtu mwingine angeweza kukosea, lakini yeye alijua mkono wa kulia wa yule mtoto hauwezi kitu, akaihamisha ili majaji wa maonyesho wasije wakauliza kwa nini iko kushoto.

Nilimwuliza, "Mwalimu, hiki ni cha nani?"

Alijibu bila kunitazama, "Madam, hii maneno tusiongelee hapa."

Nilimwita askari wa langoni. Kigari kililetwa kituoni.

Jana, Jumapili, Osoro alikuja kwangu pamoja na mwalimu mkuu wetu. Nikawapa chai, kwa sababu nililelewa hivyo. Osoro akasema, "Madam, wewe sema tu ulinikopesha. Kesho hiyo gari inarudi, mtoto anaenda shule. Ukisema niliiba, itakaa kwa polisi mpaka kesi iishe. Na kesi za hapa unazijua." Nilikasirika, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hesabu yake ilikuwa sawa. Niliwaambia wamalize chai waende.

Jioni nilikwenda kwa kina Terry, nikawaeleza mambo yote kama yalivyo. Mama yake alilia. Terry akasema, "Madam, mimi kutambaa nilizoea. Waambie tu ni yangu."

Kwa hiyo nasema: sikumkopesha Mwalimu Osoro kigari hicho, wala hakuniomba. Alikiiba.

Hapo ndipo maneno yangu yanapokoma. Nimesomewa, nimeyakubali, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: T. Akoth

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Werema, leo Jumatatu tarehe 15 Julai 1996, na kumsomea shahidi kwa Kiswahili. Kigari kimehifadhiwa kituoni kama kielelezo cha ushahidi. Shahidi ameomba mwanafunzi aruhusiwe kukitumia wakati kesi ikiendelea. Nimemweleza kwamba ruhusa hiyo hutolewa na mahakama, nami sina tarehe ya kumpa.