Mtu wa Kwanza Asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo Kipalapala, habari za mguu wako, habari za shamba? Sijui kama mvua imeshashika au bado mnatazama juu. Mimi mzima. Najua ukifika hapo utaguna, basi guna halafu uendelee kusoma. Simu zangu hupokei, ndiyo maana barua hii nimeipitisha kwa shangazi wa Isevya, na nimemwomba akusomee kwa sauti kama utakataa kuishika. Shangazi, usiruke mahali.

Habari za kikao nimezipata. Kwamba mjomba alikuja kutoka Igunga, mkakaa, mkakubaliana kuwa mwezi wa Januari mwanangu Kabula aende kwake aanze darasa la kwanza, aandikishwe kwa jina la mjomba, awe mtoto wake moja kwa moja. Na kwamba huko Igunga watu wameshaanza kumwita mke wa mjomba Mama Kabula. Mama, sikubali. Naliandika mapema ili usilitafute huko chini.

Sitajisafisha. Nilivuta unga nikiwa na mimba. Kabula akazaliwa anatetemeka, analia kilio chembamba kisichonyamaza, na wewe ukapanda treni mpaka Dar, ukarudi naye mgongoni akiwa wa miezi mitatu. Hilo nitakushukuru mpaka naingia kaburini. Lakini acheni kuwaambia watu kanisani kwamba Dar ilinipoteza. Dar inasingiziwa. Nilianzia Igunga, pale yanapolala malori, nikiuza wali na maharage, mtu mzima mwenye akili zangu na mume dereva. Yeye alikuwa anavuta, mimi nikaonja. Hakuna aliyenishika mkono. Niliingia kwa miguu yangu, na nimetoka kwa miguu yangu. Kama la kwanza limesemwa kanisani, na la pili lisemwe.

Huu mwaka wa tatu nakunywa dawa ya kuacha unga. Kila asubuhi naenda kliniki hapa hapa Dar, napanga foleni, muuguzi ananipa kikombe dirishani nami nakunywa mbele ya macho yake. Yale maumivu ya kukosa unga, ya mifupa kutaka kutoka nje ya nyama, siyajui tena. Nikitoka hapo naenda kwenye cherehani. Nashona sare za shule, mama, na ninazishona vizuri.

Mwaka huu wakaja watafiti wa magonjwa ya akili. Walitutaka sisi hasa, akina mama tuliotumia unga, wajue siku zetu zinakwendaje. Wanasema akili ya mtu inashikiliwa na mambo madogo yanayojirudia kwa saa zake: kuamka, kuongea na watu, kula, kulala. Nilicheka mpaka nikaona haya. Nilitaka kuwaambia waje hapo nyumbani waone kengele ya seminari ikilia, wewe umeshawasha moto, baba marehemu ameshafagia nusu ya uwanja. Haya, wakanipa daftari. Kila siku niandike nimetoka kitandani saa ngapi, nimeongea na mtu wa kwanza saa ngapi na ni nani, kazi nimeanza lini, cha jioni nimekula lini, nimelala lini.

Hapo penye mtu wa kwanza, kila siku niliandika: mama.

Sasa yule dada aliyekupigia simu ndiye Salome, mtafiti wao. Hakukupigia kwa ubaya. Nilikuwa nimeomba dawa ya kubeba safarini ili nije nyumbani, na kliniki hawampi mtu dawa mkononi hivi hivi, lazima waulize. Akakuuliza kama ni kweli tunaongea kila asubuhi. Nawe ukamjibu, "Huyo habari zake sina. Hatujaongea tangu mtoto wake akiwa wa kunyonya." Ukakata.

Salome akaja na daftari langu, akaliweka juu ya cherehani. "Dada Skola, umenidanganya."

"Nimekudanganya nini?"

"Wewe na mama yako hamuongei. Na dawa ya safari wameisimamisha. Wanasema mtu anayeandika uongo kwenye daftari, akipewa chupa atafanya nini nayo?"

Mama, niliwaka! Nilimwambia, wewe umelelewa wapi? Kwetu mtoto hatii kitu mdomoni asubuhi kabla hajamsalimia mama yake. Hata maji. Na wewe mama, umesahau ile siku niliyowahi uji kabla ya shikamoo? Ulikichukua kikombe kizima ukawamwagia kuku, nikaenda shule na njaa, na kuku wananitazama. Wewe labda umesahau. Mimi nimekua nayo.

Basi nikamwambia Salome kesho aje dirishani aone mwenyewe. Akaja. Muuguzi akanipa kikombe, nikakishika, nikageukia upande jua linakozama maana ndiko mliko, nikasema, "Shikamoo mama." Ndipo nikanywa. Nafanya hivyo tangu siku ya kwanza ya dawa. Mwanzoni wenzangu walisema huyu unga umeondoka na akili. Siku hizi foleni nzima inaitikia, "Marahaba mwanangu, kunywa tuondoke!" Siku hiyo wakaitikia vilevile, Salome akamgeukia muuguzi. Muuguzi akamwambia, "Huyu? Kila siku. Hata mvua ikinyesha."

Salome akafungua daftari. Akaniambia taratibu kwamba ameelewa, lakini hesabu zao zinataka mtu aliyekuwepo, vinginevyo kazi yote inaharibika. Nikamwambia andika unachotaka pembeni, ila jina usifute. Hakufuta. Akapita ukurasa kwa ukurasa, na pembeni ya kila "mama" akaandika kwa wino: hayupo. Halafu akaongeza mstari mpya, muuguzi akawa ndiye mtu wangu wa kwanza. Jioni yake dawa ya safari ikaruhusiwa.

Nilipaswa kufurahi, sivyo? Nilikaa na lile daftari nikalia. Mama, hayupo. Mama, hayupo. Iliniuma kuliko maneno yote niliyotukanwa barabarani. Halafu nikamfikiria Kabula. Siku moja na yeye atapewa daftari lake, hata kama ni la kichwani tu. Asubuhi atamwandika nani? Na mimi pembeni yangu wataandika nini? Hapo ndipo nilipofuta machozi nikakata tiketi ya treni.

Nakuja Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Siji kumnyakua mtoto, chumba changu bado ni cha mtu mmoja na ninalijua hilo. Nakuja kumwandikisha shule hapo hapo Kipalapala, kwa jina la baba yake na langu, sare yake nimeshaishona. Mjomba akitaka kikao kingine, aje. Safari hii nitakaa kwenye kiti, sitakuwa habari inayosimuliwa.

Nisalimie bibi, mpe salamu yake ya asubuhi, mwangaluka, kwa sauti kubwa maana masikio yake ndiyo yale. Msalimie kaka na shemeji yangu, na yule jirani anayekuchotea maji mguu ukivimba, Mungu ambariki. Mjomba naye msalimie kwa heshima zote, mwambie simchukii, ila mkewe atafutiwe jina lingine. Shangazi, asante kwa kusoma, sasa mpe mama barua mkononi.

Mama, nitafika mapema asubuhi. Nitasimama mlangoni na kikombe changu, na kabla sijanywa nitasema yale ninayoyasema kila siku, ila safari hii utayasikia. Ukijibu, nitafurahi mpaka nichanganyikiwe. Usipojibu nitakunywa hivyo hivyo, nimeshazoea. Lakini mwamshe Kabula. Mweke karibu na mlango asikie mama yake anavyosalimia mama yake.

Ni mimi mwanao,

Mama Kabula