Seva Niliyoifungia Stoo ya Mbegu

Rhotia, Jumanne jioni

Si umeme ulioiua seva yetu. Ni mimi. Programu ya chama chetu cha wakulima, ile inayopokea oda za maharage na kuwaarifu wakulima yenyewe, mimi kama mwenyekiti nilikataa isiwekwe kwenye seva za kukodi mtandaoni. "Chetu kikae kwetu," nilisema, nikaifungia mashine stoo ya mbegu, kwa kufuli imara. Vumbi la dawa ya mbegu likaiziba. Mkutanoni nikasingizia umeme.

Leo Paulina, katibu wetu, alikuja kunijulia hali. Kifua kinabana, siku zangu ni chache. Nikamweleza ukweli.

"Babu, nilijua. Niliifungua mwenyewe, imejaa dawa kama gunia la mbegu."

Na lawama zote, kwamba katibu hakuikinga mashine na umeme, alibeba yeye, kimya!

Kesho chama kinachagua tena pa kuiweka programu. Anapendekeza mtandaoni, lakini seva ndogo ibaki ofisini kwa siku ambazo mtandao umekatika. Hata hofu yangu ameitafutia nafasi. Sijawahi kufanya kazi na mtu wa akili hiyo.

Nimeomba nibebwe hadi mkutanoni.

"Babu, pumzika tu. Yameisha hayo."

"Hayajaisha. Nikinyamaza, mimi nitazikwa na ukweli, wewe utabaki na lawama."

Akainama, akaanza kunitafutia koti la kesho.